Mkana Mungu nyumbani kwa Wabudha

Tangu nirudi kutoka Sri Lanka kuna sentensi moja nimeambiwa na watu wasiopungua kumi, tena wasomi wazuri tu: "Kule si ulikuwa kwenu? Hata wao si hawana Mungu?" Wanaonifahamu wanajua kwamba siamini Mungu. Na wamesoma mahali kwamba Budha hakuwa Mungu wala mtume wa Mungu. Basi wamejumlisha moja na moja, wakapata kwamba mtu kama mimi akifika kwa Wabudha amefika kwa ndugu zake. Nimejibu kwa kifupi kwenye daladala, nimejibu harusini, mara moja nimejibu kwenye foleni ya benki. Jibu fupi halitoshi. Leo natoa refu, mwenye chai akae na chai yake.

Tumalize kwanza suala la jina. Kiswahili hakijatutendea haki watu wa aina yangu. Ukisema "mkana Mungu" inakuwa kana kwamba nilikuwa namjua vizuri, nikamkana, kama Petro kabla jogoo hajawika. "Kafiri" ni tusi, na kila dini ina makafiri wake. "Mpagani" ndilo baya zaidi, maana bibi zetu waliitwa hivyo na wamisionari wakati walikuwa wanaamini Mungu na mizimu kuliko hata hao wamisionari wenyewe. Mimi nilizaliwa Uchagani katika nyumba ya Kilutheri, nikabatizwa, nikapata kipaimara, nikaimba kwaya (sauti ya tatu, na sikuwa mbaya). Nilipofika miaka ishirini na kitu imani ilikuwa imeisha. Sikugombana na mchungaji, wala hakuna msiba ulionivunja moyo. Nilisoma, nikafikiri, nikaona sina sababu ya kuendelea kusema naamini. Nitatumia "mkana Mungu" kwa sababu ndilo linaloeleweka, ila mjue silipendi.

Mama yangu yeye huliita jambo hili "hali yako". "Bado una ile hali yako?" Kama malaria vile.

Sasa Sri Lanka. Nilikwenda Februari 2023 kwa masomo, nikakaa hadi Aprili 2024, katika mji wa Kandy ulioko milimani katikati ya kisiwa. Nilipanga chumba cha juu katika nyumba ya mama mmoja mjane, mwalimu mstaafu wa hesabu. Wapangaji wote walimwita Anti, nami nikamwita hivyo hivyo. Anti wa Kandy na anti wa Sinza wanaitwa sawasawa, na bajaji wanazo tele, kwa hiyo wiki ya kwanza sikuwa mgeni sana. Kwa sensa ya 2012, watu saba katika kila kumi nchini humo ni Wabudha. Waliobaki ni Wahindu, Waislamu na Wakristo. Na kabla hamjasema Ubudha ni kitu cha mbali mno, wakazi wa Dar es Salaam nendeni Upanga. Kuna hekalu la Wabudha pale, lilianzishwa na watu wa Sri Lanka waliokuja enzi za ukoloni, na lina umri wa miaka mia moja hivi.

Jambo la kwanza nililoliona ni swali ambalo halikuulizwa. Hapa Tanzania serikali iliacha kuuliza dini ya mtu kwenye sensa baada ya ile ya 1967, lakini wananchi hawakuacha. Mwenye nyumba anauliza, mama mkwe mtarajiwa anauliza, hata fundi wa friji akikaa dakika kumi anauliza: "Unasali wapi?" Sikiliza vizuri swali lenyewe. Hakuulizwa mtu kama anasali. Hilo limeshapita, kilichobaki ni anwani. Ukijibu kwamba husali popote kinafuata kimya, halafu hapo hapo anajitokeza mtu wa kukuombea.

Anti aliniuliza dini yangu siku ya pili. Nikamwambia sina. Akafikiri kidogo, akauliza kama nakula samaki. Nikasema nakula. Akaenda jikoni. Kwa miezi kumi na minne hakurudia swali lile, ila karibu kila siku alinipokea mlangoni kwa swali jingine, ambalo nusu ya mji ule hulitumia kama salamu: umekula wali?

Kila mwezi ukipevuka Sri Lanka ni sikukuu, inaitwa Poya. Ofisi zinafungwa, pombe haiuzwi, mabucha yamefungwa. Anti alikuwa anavaa nguo nyeupe tangu alfajiri anakwenda hekaluni, akishika amri nane, mojawapo ikiwa kutokula chakula baada ya saa sita mchana. Mimi nilikwenda naye mara nyingi, kazi yangu kubeba maua. Wanatoa mayungiyungi na maua mengine meupe yenye harufu kali, wanayapanga mbele ya sanamu, wanasema maneno ya Kipali. Nilimwomba anitafsirie. Akasema maneno yale yanahusu maua kunyauka, na mwili huu kwenda njia hiyo hiyo. Nikamuuliza, halafu mnaomba nini? Akasema hatuombi kitu, tumemaliza.

Nataka mnielewe hapa, kwa sababu ndipo penye uzito. Nyumbani Moshi, wakati wa chakula, baba anaomba halafu wote tunaitikia "Amina". Neno moja tu. Lakini kwangu kuitikia lile neno ni kama kutia saini mkataba ambao sikubaliani nao, na kutokuitikia ni kumtangazia baba vita mbele ya ubwabwa. Nimeishi na kero hiyo miaka mingi, mara nyingine nikijifanya nakohoa. Sasa nimesimama hekaluni Kandy, mkononi nina ua, naambiwa niseme kwamba maua hunyauka nami nitanyauka. Niliweka ua. Sikudanganya mtu. Nilitoka pale nikiwa mwepesi, na hasira kidogo juu, kwamba ilinibidi kusafiri hadi kuvuka Bahari ya Hindi ili nisimame kwenye ibada ya watu bila kujisikia mnafiki.

Ningeishia hapo, wale watu wangu kumi wangekuwa sahihi. Lakini Poya moja Anti alipomaliza kutoa maua alizunguka nyuma ya hekalu, kwenye nyumba ndogo iliyopakwa rangi kali, akiwa na sinia la matunda. Ile inaitwa devale, na mwenyewe humo ni mungu. Mungu kabisa, mwenye jina, picha na kasisi wake. Kijana wake alikuwa anasubiri matokeo ya mtihani wa Kikorea, maana vijana wengi wa kule wanakwenda Korea Kusini kufanya kazi viwandani. Nikamwambia, Anti, nilidhani hamuombi. Akanijibu kama mwalimu anavyomjibu mwanafunzi mzito: Budha ameshaondoka, hasikii, atakusaidiaje viza? Mambo ya viza unakwenda kwa miungu.

Na miungu yao wana namna yake. Hawakuumba ulimwengu. Hawaishi milele, siku moja watakufa na kuzaliwa mahali pengine kulingana na matendo yao. Wana madaraka lakini wanaweza kuhamishwa. Nilimwambia Anti kwamba hao kwetu tunawaita wakuu wa wilaya. Alicheka hadi akakaa chini. Matunda aliyapeleka vilevile.

Kwa hiyo mtu akikwambia Ubudha si dini bali ni falsafa, muulize amekaa wapi. Wazungu wengi wanaosema hivyo wamekutana nao kwenye kitabu au kwenye darasa la kutafakari lenye mito laini. Pale Kandy kuna hekalu linalotunza jino linaloaminika kuwa la Budha mwenyewe. Nilipanga foleni saa nzima na watu waliobeba watoto wachanga, na jino lenyewe hulioni, unaona kasha. Mkononi kila mtu ana uzi mweupe uliosomewa pirith usiku kucha, kinga dhidi ya mabaya. Mwaka mpya wao wa Aprili ndio usiseme. Wanajimu wanapiga hesabu, inatangazwa nchi nzima saa na dakika ya kuwasha jiko, utazame upande gani, uvae rangi gani, na saa ya kutia tonge la kwanza mdomoni. Kabla ya hapo kuna saa kadhaa za kutofanya kazi yoyote. Anti, mwalimu wa hesabu miaka yote hiyo, alisimama mbele ya chungu kipya na kiberiti mkononi akitazama saa ya ukutani. Dakika ilipotimia bonde zima lililipuka fataki. Maziwa yalichemka yakamwagika, ikawa heri, tukala wali wa nazi uliokatwa vipande kama keki. Wali ulikuwa mtamu. Unajimu ni unajimu.

Nchi hiyo ilishapata mkana Mungu wake, tena mkubwa. Aliitwa Abraham Kovoor, alizaliwa Kerala, India, mwaka 1898, baba yake akiwa mchungaji. Akahamia Sri Lanka kufundisha botania. Alipostaafu alizunguka akipambana na wapunga pepo, wanajimu na wenye miujiza, na mwaka 1963 alitangaza zawadi ya rupia 100,000 kwa yeyote atakayeonyesha uwezo wa kimiujiza katika mazingira yasiyoruhusu ujanja. Alikufa mwaka 1978 zawadi ikiwa haijachukuliwa. Mkumbukeni huyu mzee, nitamrudia.

Kuna upande mwingine ambao siwezi kuuruka, maana ni kazi yangu. Basi la kwenda Digana linaondoka Kandy mjini na safari si ndefu. Machi 2018 makundi ya watu yalichoma maduka, nyumba na misikiti ya Waislamu huko, baada ya dereva mmoja wa Kisinhala kufa kutokana na kipigo. Serikali ikatangaza hali ya hatari na kufunga mitandao ya kijamii. Miaka minne kabla, Juni 2014, ilikuwa hivyo hivyo Aluthgama, na pale watu walichochewa na mkutano ulioongozwa na watawa wenye majoho ya rangi ya machungwa. Nilipomuuliza Anti alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema, "Wale si Wabudha." Sentensi hiyo naijua. Nimeisikia kanisani, nimeisikia kwa rafiki zangu wa msikitini, kila mmoja na wale wake ambao si wao.

Na hilo la kutoulizwa unaamini nini lina mipaka. Katiba ya Sri Lanka inaupa Ubudha nafasi ya kwanza nchini. Mwaka 2019 mwandishi Shakthika Sathkumara alikamatwa kwa hadithi fupi iliyogusa maisha ya watawa, akakaa ndani miezi minne hivi. Mei 2023, nikiwa huko huko, mchekeshaji Nathasha Edirisooriya alikamatwa uwanja wa ndege kwa utani uliohusu utoto wa Budha, akakaa rumande zaidi ya mwezi. Sheria iliyotumika kwa wote wawili ilitungwa mwaka 2007 kutekeleza mkataba wa kimataifa wa haki za binadamu. Someni tena sentensi hiyo. Mimi nilikuwa na viza ya mwanafunzi na akili zangu timamu, kwa hiyo haya naandika nikiwa Dar.

Lakini lililonigombanisha na Anti halikuwa siasa. Lilikuwa mtoto wa jirani.

Nyumba ya tatu kutoka kwetu kulikuwa na kijana wa miaka kama tisa asiyeona vizuri. Alizaliwa hivyo. Alikuwa anashika ukuta akitembea, na daftari analisogeza hadi linagusa pua. Siku moja nikamwambia Anti ninavyomwonea huruma. Akakubali, naye alimwonea huruma kweli, alikuwa anampelekea chakula. Halafu akaongeza, kwa sauti ile ile ya huruma, kwamba katika maisha yaliyopita lazima kuna jicho la mtu alilidhuru.

Niliweka kijiko chini. Nikamwambia, Anti, mtoto wa miaka tisa. Akasema sheria ya karma haina chuki, ni kama hesabu, ukijumlisha unapata jumla. Nikamwambia hesabu ambayo mdaiwa hakumbuki deni ni wizi. Tulikwenda hivyo hadi wali ukapoa. Nikajikuta namsimulia habari ya mtu aliyezaliwa kipofu katika Injili ya Yohana, wanafunzi walipomuuliza Yesu nani aliyetenda dhambi, huyu au wazazi wake, na Yesu akajibu si huyu wala wazazi wake. Hebu pigeni picha: mimi, mwenye ile hali yangu, namtetea Yesu mbele ya Mbudha kwa moto ambao mchungaji wangu wa kipaimara hakuwahi kuuona. Anti akauliza, basi kwa nini alizaliwa hivyo? Nikakumbuka jinsi hadithi inavyoendelea, kwamba ni ili kazi za Mungu zidhihirike, nikaona nalo hilo siliamini. Nikamwambia hakuna sababu. Macho yanaundwa tumboni, wakati mwingine hayaundwi vizuri. Hakuna aliyekosa.

"Hakuna sababu," akarudia. Alinitazama kama mimi ndiye niliyesema jambo la kikatili. Na kwa kweli, kwa mama wa mtoto yule, sijui lipi ni gumu zaidi kulisikia usiku.

Wiki chache baadaye ikawa Vesak, sikukuu yao kubwa kuliko zote, mwezi Mei. Mji unajaa taa za karatasi, na barabarani watu wanajenga vibanda vya kugawa chakula bure kwa yeyote anayepita, tajiri kwa maskini, Mbudha kwa asiye Mbudha. Wanakimbiza magari kukusihi ushuke ule. Wanatafuta thawabu. Neno hili la kwetu la Kiarabu linalikamata wazo lao barabara kuliko maelezo yoyote niliyosoma. Karibu na lango la hekalu kulikuwa na meza na vijana wawili wenye fomu. Nikauliza ni za nini. Anti akasema, za macho.

Hapa nieleze kidogo. Mwaka 1958 mwanafunzi wa udaktari aitwaye Hudson Silva aliandika gazetini kuwaomba wananchi wenzake watoe macho yao wakifa. Kinachotakiwa ni konea, ule utando angavu ulio mbele ya mboni, ambao ukiharibika mtu anakuwa kipofu hata kama sehemu nyingine za jicho ni nzima. Konea ya maiti ikichukuliwa ndani ya saa chache inaweza kupandikizwa kwa mtu aliye hai. Mama yake Silva alipofariki, konea zake zilipandikizwa kwa mkulima maskini. Mwaka 1961 chama cha kuchangia macho kikaanzishwa, mwaka 1964 konea za kwanza zikapelekwa nje ya nchi, Singapore, zikiwa zimewekwa kwenye barafu ndani ya chupa ya chai. Tangu hapo kisiwa hicho kimepeleka makumi ya maelfu ya konea ng'ambo, na Pakistan ni miongoni mwa waliopokea nyingi zaidi. Yaani kuna Waislamu wengi Lahore na Karachi wanaosoma Kurani kwa konea za Wabudha. Rais wa zamani J.R. Jayewardene alipofariki mwaka 1996 naye macho yake yalitolewa, likafika hadi Japani.

Kilichowezesha yote hayo ni dini, na mimi sina ugumu wa kulisema. Wabudha wana hadithi ya kale ya mfalme aliyeng'oa macho yake akampa mzee kipofu aliyemwomba, na mfalme huyo, wanasema, ndiye aliyekuja kuzaliwa kuwa Budha. Mtoto anaisikia hekaluni akiwa mdogo. Akikua akiombwa konea baada ya kufa anaona ameombwa kitu kidogo.

Anti alikuwa ameshajiandikisha zamani. Mumewe alipofariki madaktari walikuja nyumbani usiku ule ule. "Kuna watu wawili mahali fulani wanaona," aliniambia, akionyesha vidole viwili. Hakuwajua na hakutaka kuwajua. Thawabu ile alimkabidhi mumewe imsaidie aendako. Na yeye mwenyewe anatoa yake ili maisha yajayo azaliwe na macho mazuri.

Nikachukua fomu. Anti akashangaa. "Wewe thawabu huamini, kuzaliwa upya huamini. Unatoa kwa nini?" Nikamwambia ndiyo sababu natoa. Nikifa nimekwisha, sitakwenda nayo popote, ni upuuzi kuyazika. Aliona sababu hiyo ya huzuni sana. Mimi niliona yake ni ya kibiashara kidogo. Kijana wa mezani hakutuuliza sababu, aliuliza jina, anwani, na jina la ndugu wa karibu wa kupewa taarifa.

Nikamkumbuka mzee Kovoor. Alitumia uzee wake wote kubishana na watu kama Anti, na alipokufa macho yake yalikwenda benki ya macho, mwili ukaenda kwa wanafunzi wa udaktari. Benki ile ile waliyoijaza wacha Budha.

Nilimuuliza Anti pale pale kuhusu mtoto wa jirani. Kama upofu wake ni malipo, wewe unayetoa konea si unamfutia adhabu? Alinitazama kwa mshangao wa kweli. Akasema mtoto akipata konea, hiyo nayo itakuwa karma yake, nzuri, imeiva. Siwezi kumshinda mtu mwenye jibu la namna hiyo, na bado nasema fundisho lile linamwonea mtoto. Lakini niliangalia foleni ya pale mezani. Watu wazima wenye nguo nyeupe, mama muuza mboga, askari, wasichana wa chuo, wote wanaamini kwamba kipofu ana deni lake la zamani, na wote wamesimama juani kuahidi macho yao kwa kipofu wasiyemjua. Sisi wakana Mungu tuna hoja nzuri zaidi. Foleni kama ile sijaiona kwetu.

Sehemu ya ndugu wa karibu nilimwandika mama. Kwa hiyo ilibidi nimpigie simu.

Wasiojua Uchagani wajue kwamba mtu hazikwi popote. Anarudishwa kihambani, kwenye migomba, alipozikwa babu yake, hata akifia Ulaya watachanga hadi arudi. Na anarudi mzima. Mama alinisikiliza hadi mwisho, akauliza, "Kwa hiyo siku ya kiyama wenzako wataamka wanamwona Bwana, wewe utaamka unapapasa migomba?" Nikacheka. Yeye hakucheka. Nikamwambia, mama, mimi siamini kama nitaamka. Akasema, "Wewe huamini. Mimi ndiye nitakayekuwa natafuta mwanangu." Simu ilikaa kimya muda mrefu kwa mtu anayelipia dakika za kimataifa.

Kadi ya Kandy haina kazi huku, lakini nia ni ile ile. Niliporudi niliandika barua kwa mkono, nikaeleza ninachotaka kifanyike na konea zangu kama itawezekana, nikaipeleka Moshi mwenyewe. Baba aliisoma akaikunja bila neno. Mama aliichukua akaiweka ndani ya Biblia yake, mahali anapoweka stakabadhi za chama cha kuzikana. Mwezi mzima hakuitaja. Nilikuwa nimeshaanza kudhani ameichoma.

Jumapili iliyopita akanipigia baada ya ibada. Tukaongea habari za mvua, za mahindi, za shangazi anayeumwa mguu. Mwishoni kabisa akauliza kama wale watu wa macho wanaweza kuchukua moja tu, wakaniachia moja.

Nimemwambia nitauliza.